Mkulima na Karani: Chakula cha Karibu Kifikeje Jikoni?

Mnamo mwezi wa Januari mwaka 2022 lilitokea jambo katika nchi yetu ambalo liliwachekesha watu wengi kwanza, na baadaye likawakasirisha. Hoteli za KFC, ambazo asili yake ni Marekani, zilitangaza kwamba zimeishiwa na chipsi. Viazi vyake vilikuwa vikiletwa kutoka ng'ambo, vimekwisha kukatwa na kugandishwa, na meli zilikuwa zimechelewa kwa sababu ya shida za usafiri zilizoletwa na ugonjwa wa korona. Na hapo Nairobi mtu akipanda gari asubuhi, kabla ya saa sita za mchana atakuwa amefika Kinangop au Ol Kalou, katika Nyandarua, ambako viazi hulimwa kwa wingi hata vikajaza malori.

Watu waliuliza, na ilikuwa haki yao kuuliza, kwa nini hoteli ikose chipsi katika nchi ambayo viazi ni chakula cha pili baada ya mahindi. Kampuni ikajibu kwamba kila mtu anayeiuzia chakula hana budi kukaguliwa kwanza, na kwamba ukaguzi huo hauwezi kurukwa. Kisha ikasema kwamba itatafuta njia ya kununua viazi vya hapa hapa.

Wengine waliona jibu hilo kuwa ni dharau. Lakini mtu akilitazama jambo hili kwa makini ataona kwamba lina fundisho kubwa kuliko hasira yetu. Viazi vilikuwako. Mnunuzi alikuwako, na fedha zake zilikuwako. Kitu kilichokosekana ni mapatano yaliyofanywa mapema kati ya mwenye kununua na mwenye kulima, juu ya aina ya kiazi, ukubwa wake, usafi wake na siku ya kukileta. Mapatano hayo hayawezi kufanywa siku ile ambayo jiko limekwisha kuwashwa. Hufanywa kabla ya mbegu kuingia ardhini.

Nimeona vema kuandika habari hizi kwa sababu gazeti la namna hii husomwa na watu wa aina mbili hasa, wakulima na makarani. Aghalabu kila mmoja hudhani kwamba mambo ya chakula ni kazi ya mwenzake. Mkulima husema kwamba yeye kazi yake ni kulima, na karani husema kwamba yeye kazi yake ni kuandika. Lakini katika shule, hospitali, hoteli na kambi zetu, ni nani aandikaye hati ya kununua mahindi na maharagwe? Ni karani. Kalamu yake ndiyo inayoamua kama fedha za jiko zitakwenda mbali au zitabaki karibu.

SHULE MOJA YAHITAJI NINI?

Na tuhesabu kidogo, maana hesabu huondoa ubishi. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza mpango wa chakula cha shule ambao ndani yake shule zilipewa fedha zinunue chakula zenyewe karibu na mahali zilipo, badala ya kungoja chakula kilichokuwa kikiletwa na Shirika la Chakula Duniani. Kipimo cha chakula cha mchana kilikuwa gramu 150 za nafaka na gramu 40 za maharagwe au jamii yake kwa kila mtoto.

Tuseme shule ina watoto 300. Kwa siku moja watakula kilo 45 za mahindi, yaani nusu ya gunia la kilo 90, na kilo 12 za maharagwe. Muhula ukiwa na siku 60 za masomo, shule hiyo itahitaji magunia 30 ya mahindi na magunia 8 ya maharagwe. Hayo ni mahitaji ya muhula mmoja tu, na shule moja tu, na mlo mmoja tu kwa siku. Shule ya malazi itahitaji zaidi ya hayo maradufu, pamoja na mboga, viazi, vitunguu, maziwa na matunda.

Sasa, ndugu mkulima, jiulize: ni nani katika kijiji chako anayejua hesabu hiyo? Shule iko pale kilimani, moshi wa jiko lake unaonekana kila siku, lakini hakuna mkulima aliyepata kuambiwa ni magunia mangapi yanayoingia kwa muhula. Naye mwalimu mkuu hajui ni nani kijijini aliye na maharagwe. Basi mfanya biashara hutoka mjini, hununua maharagwe kwa mkulima huyo huyo wakati wa mavuno, huyahifadhi katika ghala, kisha huyarudisha katika shule hiyo hiyo miezi mitatu baadaye kwa bei iliyopanda.

Hapa yatupasa kusema kweli juu ya dalali. Wengi humtukana, lakini dalali hufanya kazi yenye maana. Ana lori, anajua njia, na huamka usiku ili afike katika Soko la Wakulima la Nairobi, lile ambalo watu huliita Marikiti, kabla ya jua kutoka. Hata hivyo sehemu kubwa ya faida yake hutoka katika mambo mawili ayajuayo yeye peke yake: nani anacho, na nani anakitaka. Pale ambapo mkulima na mnunuzi ni majirani, ujinga huo hauna sababu ya kuendelea.

Zamani ungeweza kusingizia sheria. Kwa miaka mingi, tangu wakati wa ukoloni hata mwanzo wa miaka ya 1990, mahindi hayakuruhusiwa kusafirishwa kutoka wilaya moja hata nyingine bila kibali, ila kwa kiasi kidogo tu. Amri hizo ziliondolewa. Kizuizi kilichobaki ni mazoea yetu.

MIZANI NA LUMBESA

Jambo la kwanza linalowatenga mkulima na mnunuzi ni kipimo. Kila mlimaji wa viazi anaijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa hata mdomoni, kisha likashonewa kofia ya nyavu ili lipate kujazwa tena juu. Bei hupatanwa kwa gunia, lakini gunia lenyewe halina mwisho. Mkulima akikubali gunia la kilo 50, naye mnunuzi akalipakia hata likafika kilo 80, basi katika kila magunia matano mkulima ametoa bure kilo 150, ambazo ni magunia matatu mazima.

Kanuni za viazi zilizotolewa chini ya Sheria ya Mazao mwaka 2019 ziliagiza kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50, na zikapiga marufuku lumbesa. Lakini kanuni haina mikono ya kushika mizani. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, lori huenda kwa jirani yake. Wakulima wote wa bonde wakikataa pamoja, na wakawa na mizani yao wenyewe, lori halina pa kwenda.

Mizani hiyo haimsaidii mkulima peke yake. Karani wa bohari akipokea magunia yasiyopimwa hawezi kuandika daftari la kweli, na siku mkaguzi wa hesabu atakapokuja, hasara itaandikwa kwa jina lake. Mkulima anayeuza kwa kilo ni rafiki wa karani.

CHAKULA CHA KARIBU KIWE SAFI

Jambo la pili ni usafi, na hapa hatuna budi kusema bila kuficha. Chakula hakiwi chema kwa sababu tu kimetoka karibu. Mwaka 2004 watu wa Makueni na Kitui na sehemu za jirani walikula mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu, na waliougua walihesabiwa 317, na kati yao 125 wakafa. Mengi ya mahindi yale yalikuwa yamelimwa na wenyewe, yakawekwa majumbani kabla hayajakauka, yakaota kuvu.

Kwa hiyo mwalimu mkuu anapoogopa kununua mahindi ya jirani asiyemjua, tusimcheke. Amebeba roho za watoto. Yatupasa tumwondolee hofu kwa vitendo. Mahindi yatakiwayo kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yaanikwe juu ya turubai, yasianikwe juu ya udongo. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yaliyooza na yaliyobadilika rangi yachaguliwe na kutupwa, wala wasipewe kuku na ng'ombe, maana sumu hiyo huwadhuru pia, na hupita hata katika maziwa.

Mkulima asiye na mashine ya kupimia unyevu aweza kuanza na chupa na chumvi. Achukue chupa ya kioo iliyo kavu, atie mahindi kidogo na chumvi kavu, aifunge na kuitikisa kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikiganda katika kioo, mahindi hayo bado ni mabichi, arudishe juani. Lakini chumvi isipoganda asidhani kwamba kazi imekwisha, kwa kuwa njia hii huonyesha unyevu mwingi tu. Kabla ya kuuza katika shule au hospitali, mahindi yapimwe kwa mashine. Mkulima mmoja aweza kushindwa kuinunua mashine hiyo, lakini kikundi cha wakulima ishirini hakishindwi.

MNUNUZI ANATAKA AINA GANI?

Jambo la tatu ni kujua mnunuzi anataka nini. Tuvirudie viazi. Aina inayopandwa na wakulima wengi nchini ni Shangi. Ni kiazi kizuri kwa nyumbani, kwa maana hukomaa upesi na huiva upesi motoni. Lakini huchipua upesi pia, na kwa hiyo hakikai sana ghalani. Watengenezaji wa krispi wametafuta kwa miaka mingi aina nyingine, kama Dutch Robyn, ambayo haigeuki kuwa nyeusi katika mafuta. Mkulima aliyepanda Shangi na kumngoja mtengenezaji wa krispi ni kama mtu aliyeshona kanzu bila kumpima aliyeagiza.

Katika mboga tumeona mabadiliko makubwa. Kulikuwa na wakati ambapo mnavu, mgagani, mchicha, kunde na mrenda vilidharauliwa, vikaitwa chakula cha maskini, na mtu aliyepata mshahara alitaka kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ametumia miaka mingi kuzichunguza mboga hizo na kuonyesha wingi wa faida zake mwilini. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiandika kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha ya mifano mema ya kuigwa na mataifa. Siku hizi managu na saga, kama wengi wanavyoziita, huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi.

Mboga hizi zina somo lake. Hunyauka upesi mno. Zikichumwa alfajiri hufaa kuliwa siku ile ile, au kesho yake. Kwa hiyo muuzaji wake aliye bora ni yule aliye karibu na jiko. Hospitali iliyo mashambani haina sababu ya kuletewa kabichi kutoka mbali ikiwa kina mama wa kando ya mto waweza kuileta mboga ingali na umande.

SHERIA INASEMAJE?

Makarani wengi huogopa kununua kwa mkulima mdogo kwa kudhani kwamba ni kuvunja taratibu. Sivyo. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 yasema kwamba katika ununuzi wa kaunti, angalau asilimia 20 iwekwe kwa ajili ya wakazi wa kaunti hiyo. Tena asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mradi wawe wamejiandikisha kama ilivyoagizwa. Kikundi cha kina mama walimao maharagwe chaweza kuingia katika mlango huo kikiwa na cheti chake, akaunti ya benki na karatasi za kodi.

Lakini mlango ulio wazi haumfai mtu asiyejua uliko. Tangazo la zabuni likibandikwa katika ofisi ya mji mkuu wa kaunti tu, mkulima wa bondeni hataliona. Karani mwema atapeleka nakala kwa chifu, kwa Bwana Shamba, kanisani, msikitini na sokoni. Hilo si upendeleo, kwa kuwa zabuni yabaki wazi kwa wote.

Na kuna jambo moja ambalo makarani hatuna budi kuambiana wenyewe kwa wenyewe. Mkulima mdogo hawezi kungoja malipo miezi minane. Mfanya biashara mkubwa aweza kukopa benki wakati anapongojea, lakini mkulima ana karo ya shule na mbolea ya msimu ujao. Ankara yake ikilala katika faili, muhula ujao atauza kwa dalali, kwa bei ndogo lakini kwa fedha taslimu, wala hatutaweza kumlaumu. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, fedha zimeweza kumfikia mtu shambani kwa dakika moja. Simu haichelewi, kinachochelewa ni sahihi.

YA KUFANYA

Basi njia ni hii, nayo haihitaji mtaji mkubwa. Kwanza, kila shule, hospitali na hoteli iandike karatasi moja kabla ya msimu wa kupanda, ieleze inahitaji nini, kilo ngapi, aina gani, na lini. Karatasi hiyo isomwe barazani kwa chifu na ibandikwe sokoni.

Pili, wakulima wakusanyike katika kikundi, wagawane hesabu hiyo. Magunia 8 ya maharagwe yaweza kumshinda mkulima mmoja, lakini watu kumi hawatashindwa. Wasipande wote wiki moja. Wapishane, hasa katika mboga, ili jiko lisipate furiko mwezi huu na ukame mwezi ujao.

Tatu, bei ipatanwe kwa njia ambayo haitamdhulumu mtu. Ni vigumu kutaja bei ya Agosti katika mwezi wa Machi. Ni afadhali wapatane kwamba bei itafuata ile ya soko fulani lijulikanalo katika wiki ya kupokea mzigo, isishuke chini ya kiasi fulani wala isipande juu ya kiasi fulani.

Nne, neno litunzwe. Mkulima aliyeahidi shule magunia matatu, kisha akayauza usiku kwa lori kwa kuwa lori limeongeza shilingi chache, amewaharibia wenzake tisa. Mwalimu mkuu hatakumbuka jina la yule mmoja. Atasema kwamba wakulima wa hapa hawaaminiki. Vivyo hivyo mnunuzi aliyeahidi kununua, kisha akabadili nia wakati mzigo umekwisha kupakiwa, ameziba njia kwa wote watakaokuja baada yake.

Sisemi kwamba kila mahali paweza kujitosheleza. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwaka 2022, watu wa kaskazini na mashariki ya nchi wangekufa kwa njaa kama wangengojea mavuno ya jirani. Mchele wa Mwea ni mzuri sana, lakini hautoshi nchi nzima, na mchele mwingi tunaoula huletwa kwa meli. Biashara kati ya sehemu na sehemu, na kati ya nchi na nchi, ina kazi yake. Tunachosema ni kwamba mtu atazame kwanza karibu kabla ya kutazama mbali, na kama karibu hapana kitu, basi ajue ni kwa sababu gani hapana.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi maneno hayo huambiwa mwenye duka. Lakini ni ya mkulima pia anayeona viazi vyake vikioza kando ya barabara, na ni ya karani anayeandika hati ya kununua chakula cha mbali huku hajui kilichomo mashamba ya jirani. Msimu wa kupanda hauko mbali. Karani na aandike sasa mahitaji ya jiko lake, na mkulima na aende kuuliza kabla hajanunua mbegu.